Ubeti wa Mwisho: Historia ya Mkono Mnyoofu wa Santuri

Sauti ya mwanadamu ni kitu kisichokaa. Ikisha kutoka kinywani hupotea hewani, na asiyekuwapo hana njia ya kuipata tena. Santuri ndiyo iliyobadili jambo hili, kwa kuandika sauti juu ya nta na baadaye juu ya sahani ngumu. Lakini maandishi hayo yana tofauti moja kubwa na maandishi ya wino. Kitabu hakichakai kwa kutazamwa. Sahani huchakaa kwa kusikilizwa. Kila inaposomwa, sindano huondoa chembe ya kile inachokisoma. Kwa hiyo namna ya kuisoma sahani si shauri la mafundi na wapenda anasa peke yao, bali ni shauri la kila mtu anayejali historia ya sauti za nchi hii. Insha hii yaeleza habari za sehemu moja ndogo ya chombo hicho, yaani mkono unaochukua sindano, na hasa mkono ule uendao kwa mstari ulionyooka.

Kilichonitia katika uchunguzi huu ni sanduku moja la mbao katika Lingeka, huko Bariadi. Ndani yake mlikuwa na sahani chache nyeusi za inchi kumi, za mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika, alizozinunua babu yangu kwa fedha za pamba. Gramafoni yenyewe, ile ya kutiwa ufunguo kwa mkono, ilikwisha vunjika zamani. Moja katika sahani hizo ina wimbo wa Kiswahili ambao karatasi yake ya katikati imeliwa na wadudu, hata jina la mwimbaji halisomeki wala la kampuni. Mwanzo wa wimbo wasikika vizuri. Kadiri sindano iendavyo katikati, sauti huzidi kukwaruza, na ubeti wa mwisho ni mvumo mtupu, kama mvua juu ya mabati. Sasa, katika mashairi ya Kiswahili ubeti wa mwisho ndio kaditama, na aghalabu mtunzi hutaja jina lake hapo. Basi mahali ambapo huenda jina lipo ndipo palipoharibika kuliko pote.

Nilipowauliza watu waijuao kazi hii kwa nini mwisho umeharibika na mwanzo umesalimika, wengi walinijibu kwa neno moja: mkono. Walisema sahani huchongwa kwa mstari lakini hupigwa kwa tao, na kwamba dawa yake ni mashine yenye mkono mnyoofu. Jawabu hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote, na ili kuipima yapasa kuanza na jinsi sahani ilivyozaliwa.

Kila mtu aliyekulia Usukuma ameona plau ikikokotwa na ng'ombe shambani. Ameona pia ng'ombe aliyefungwa kamba kwenye kigingi ili ale majani asiingie mazao ya watu. Plau huenda kwa mstari. Ng'ombe wa kigingi, kamba yake ikikazika, hawezi kwenda ila kwa tao. Mashine ya kuchonga sahani ni ya namna ya plau. Sahani tupu huzunguka, na patasi hukokotwa na parafujo ndefu kutoka ukingoni kwenda katikati, juu ya mstari mmoja usiopinda. Sauti huitikisa patasi kushoto na kulia, na mtikiso huo ndio unaobaki katika kuta za mfuo. Mkono wa kupigia sahani ni wa namna ya kigingi. Umeshikizwa mahali pamoja nje ya sahani, na ncha yake, kwa kuwa imefungwa, huchora tao. Matokeo yake ni kwamba patasi iliukabili mfuo kwa pembe ile ile tangu mwanzo hata mwisho, lakini sindano huukabili mfuo huo kwa pembe inayobadilika kila inaposogea. Kosa hilo la pembe, likizidi, huifanya sindano isome mtikiso kwa upande, na sauti iliyokuwa safi hutoka na ukali ambao mwimbaji hakuutoa.

Ni ajabu kwamba mashine ya kwanza kabisa haikuwa na kosa hili. Thomas Edison alipotengeneza fonografu yake katika mwaka 1877 aliandika sauti juu ya silinda, si juu ya sahani, na mwendo ulikuwa wa parafujo. Hapakuwa na hiari. Silinda tupu haina mfuo wa kuiongoza patasi, hivyo ni lazima kitu kingine kiisogeze. Na mashine zilizochonga kwa parafujo ziliweza kusoma kwa parafujo hiyo hiyo, kwa kubadili kichwa tu, yaani kuondoa patasi na kuweka sindano ya kusikilizia. Mkono mnyoofu, kwa hiyo, si uvumbuzi wa siku za karibuni. Ndio wa asili, na mkono wa tao ndio uliokuja nyuma.

Jambo hili lahusu nchi yetu moja kwa moja, kwa sababu sauti za kwanza za watu wa bara zilizopata kuandikwa ziliandikwa kwa mashine za namna hiyo. Katika mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alizunguka kusini ya nchi hii akiwa na fonografu, akarekodi nyimbo juu ya silinda za nta. Nyimbo za Wanyamwezi, jirani na ndugu wa Wasukuma, zilikuwa tayari zimechunguzwa na Erich von Hornbostel huko Berlin kufika mwaka 1909, alipozichapisha katika jarida la Anthropos. Hazina ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, ilifahamu mapema kwamba nta hufa kwa kusikilizwa, ikatengeneza kalibu za shaba ili silinda nyingine ziweze kumiminwa kutoka humo. Kwa sababu ya uangalifu huo sauti nyingi zimehifadhika hata leo, na mwaka 1999 mkusanyiko huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Lakini waliosikiliza walikuwa wataalamu wa Berlin. Walioimba hawakuachiwa kitu.

Sahani bapa ilikuja na Emile Berliner, aliyeanza kazi hiyo katika mwaka 1887. Fikira yake ilikuwa nyepesi na yenye nguvu. Sahani ikiisha kuchongwa mara moja, yaweza kupigwa chapa maelfu kama kitabu. Na kwa kuwa sahani iliyopigwa chapa ina mfuo tayari, mashine ya mnunuzi haihitaji parafujo. Mfuo wenyewe utauvuta mkono. Basi kiwandani parafujo ilibaki, na nyumbani iliondolewa. Mashine ikawa rahisi, nyepesi na ya kudumu, ikaweza kuuzwa mahali pasipo fundi wala umeme. Gharama ya urahisi huo ilikuwa kosa la pembe, na watu waliikubali pasipo kujua kwamba wameikubali.

Ni kwa njia hiyo rahisi kwamba sauti zilianza kurudi kwa wenyewe. Katika mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay wakarekodi nyimbo za Kiswahili kwa ajili ya sahani za His Master's Voice, na sahani hizo zilienea Unguja, pwani na hata bara. Mwanamke aliyezaliwa kijijini Fumba akasikiwa na watu ambao hawakupata kumwona. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake alimhesabu miongoni mwa watu wa kutukuzwa, na sahani zilikuwa sehemu ya sababu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Nairobi ikawa kitovu cha kazi hii katika Afrika ya Mashariki, na waimbaji kama Fundi Konde wakajulikana kutoka Mombasa mpaka maziwani. Mashine nyoofu ilizichukua sauti zetu ikaziweka mbali. Mashine ya tao, pamoja na kasoro yake, ilizileta mlangoni. Anayeilaumu leo na akumbuke hilo.

Huko Bariadi, ambako wakati ule kulikuwa sehemu ya wilaya ya Maswa, kilicholeta sahani ni pamba. Wakulima wa Usukuma, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda vyama vya ushirika ili wauze pamba yao kwa mizani ya haki, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho la Victoria. Baada ya mavuno palikuwa na fedha taslimu nyumbani. Baiskeli, cherehani na gramafoni ni vitu vilivyonunuliwa msimu huo, kila kimoja na heshima yake. Babu yangu alinunua gramafoni, na kwa jinsi nilivyosimuliwa, jioni za mwezi wa saba ua wake ulijaa watu. Sahani zilikuwa chache, kwa hiyo kila moja ilipigwa mara nyingi. Yaani sahani iliyopendwa zaidi ndiyo iliyochakaa zaidi, na hili ni jambo la kukumbuka kwa mtu atafutaye nyimbo za zamani: unyamavu wa sahani mara nyingi ni ushahidi wa mapenzi.

Huko Uingereza wako waliokwisha kuliona kosa la pembe. Katika mwaka 1924 Percy Wilson aliandika katika jarida la The Gramophone akaonyesha kwa hesabu kwamba mikono mingi ya gramafoni ilikuwa imefungwa mahali pasipofaa, na kwamba kosa laweza kupunguzwa pasipo kurudia parafujo. Dawa yake ilikuwa kuupinda mkono kwa ndani na kuusogeza ili ncha yake ipite kidogo katikati ya sahani. Erik Löfgren mwaka 1938, na H. G. Baerwald mwaka 1941, waliikamilisha hesabu hiyo. Mkono uliopindwa kwa kufuata hesabu yao huwa na mahali pawili juu ya sahani ambapo kosa ni sifuri, na penginepo, kwa mkono wa urefu wa kawaida, halizidi digrii mbili au tatu. Kamba ikirefushwa tao hulegea, kwa hiyo mkono mrefu huwa na kosa dogo zaidi. Lakini dawa hii ina madhara yake. Mkono uliopindwa huvutwa kuelekea katikati sahani inapozunguka, na sindano huuegemea ukuta mmoja wa mfuo kuliko wa pili. Mafundi wa baadaye waliweka uzito mdogo au springi ya kuuvuta nje. Hivyo kosa moja lilizaa dawa, dawa ikazaa kosa, na kosa la pili likahitaji dawa yake.

Ndipo fikira ya mkono mnyoofu iliporudi. Marekani katika miaka ya 1960 kampuni ya Marantz iliuza mashine ya SLT-12 yenye viungo vilivyoiongoza sindano kwa mstari, na mwishoni mwa miaka hiyo mkono wa Rabco SL-8 ulisogezwa na mota ndogo. Mwaka 1972 Bang & Olufsen wa Denmark walitoa Beogram 4000, iliyosanifiwa na Jacob Jensen; mwaka 1977 Revox wa Uswisi wakatoa B790; na mwaka 1979 Technics wa Japani wakatoa SL-10, mashine isiyozidi ukubwa wa jalada la sahani ndefu, ambayo mkono wake umefichwa katika kifuniko.

Yafaa kueleza jinsi mikono hii inavyofanya kazi, maana wengi hudhani kwamba huenda pasipo kosa lolote. Sivyo. Parafujo ya kuchongea iliusogeza mkono kwa mwendo wake yenyewe, kwa kuwa mfuo haukuwapo bado. Mkono wa kusomea hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu nafasi kati ya mfuo na mfuo hubadilika sahani hata sahani. Katika mashine nyingi za namna hii mkono mfupi umebebwa juu ya kigari kidogo. Mfuo huuvuta mkono, mkono hupinda kwa sehemu ndogo ya digrii, jicho la umeme huona kupinda huko, na mota hukisogeza kigari mpaka mkono unyooke tena. Kisha hupinda tena, na husahihishwa tena. Mstari wa mashine hizi, basi, umefanywa kwa makosa madogo sana yanayokosolewa daima. Faida yake ni kwamba kosa halikusanyiki, na kwa kuwa mkono haukupindwa, ule mvuto wa ndani karibu haupo.

Je, mashine hizi zingaliweza kuiokoa sahani ya Lingeka? Kwanza, zilichelewa. Zilipotoka, sahani za mizunguko 78 zilikuwa zimekwisha acha kutengenezwa, na zilizo nyingi katika mashine hizi hazina mwendo huo kabisa. Zina 33 na 45 tu. Pili, zilikuwa ghali na zilitaka umeme wa kuaminika. Tatu, miaka ile ile sahani ilikuwa ikipungua nguvu kwetu. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 haukufunguliwa hata 1983, na bendi za Tanzania zilizozoea kurekodi Nairobi zikakatiwa njia. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi kwa utepe, na kanda za kaseti zikaingia vijijini kwa bei nafuu. Tulivuka kutoka sahani kwenda kaseti, na mkono mnyoofu ukapita kando yetu bila kupiga hodi.

Lakini hata ungalifika mapema, je, ungaliuokoa ubeti wa mwisho? Hapa ndipo lile jawabu la neno moja linapopungua. Sababu za kuharibika mwisho wa sahani ni tatu. Ya kwanza ni mwendo. Sahani huzunguka kwa kasi moja, lakini mzunguko wa ukingoni ni mrefu na wa katikati ni mfupi. Katika sahani ya mizunguko 78, mfuo ulio sentimita 12 kutoka katikati hupita chini ya sindano kwa karibu sentimita 98 kila sekunde. Ulio sentimita 6 hupita kwa 49, yaani nusu yake. Katika sahani ndefu ya 33 hushuka kutoka karibu 51 ukingoni mpaka 21 mwishoni. Sauti ile ile hulazimika kusongamana katika nafasi ndogo, na mawimbi yake huwa makali zaidi kwa sindano. Hili halitibiwi na mkono wa namna yoyote, kwa kuwa limo katika umbo la sahani.

Sababu ya pili ni sindano yenyewe. Gramafoni za ufunguo zilitumia sindano za chuma zilizopasa kubadilishwa kila upande mmoja wa sahani. Sahani zile zilichanganywa na unga wa mawe ili ziinoe sindano iuenee mfuo katika mizunguko ya kwanza. Kichwa cha kusikilizia kilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 100, ambapo sindano za leo huegemezwa kwa gramu chache tu. Kwa hiyo sindano ilianza ikiwa na ncha, na ilipofika mwisho ilikuwa butu na yenye makali ya pembeni. Na katika nyumba ambayo duka liko mbali, sindano moja ilitumika zaidi ya mara moja. Mtu hakutupa kitu kwa sababu karatasi ya pakiti imemwambia akitupe. Ubeti wa mwisho, basi, ulisomwa siku zote na sindano iliyokwisha kufa.

Sababu ya tatu ndiyo pembe, na hiyo ndiyo fungu la mkono. Katika mashine mbaya ilifika digrii kumi na zaidi, na sindano butu ikikaa upande hukwangua kuliko ikikaa sawa. Lakini ni fungu moja katika matatu, na katika sahani za babu zetu nadhani ndilo dogo. Mwanachuoni asiupe mkono lawama yote, wala asiutazamie kuponya yote.

Hata hivyo ipo kazi ambayo mkono mnyoofu waifaa leo, nayo si ya kustarehe bali ya kusoma mara moja kwa uangalifu. Niliichukua sahani ile nikaiosha kwa maji yaliyochujwa, bila spiriti, kwa maana spiriti huyeyusha lakki iliyomo ndani yake. Nilitumia mashine ya zamani yenye mkono mnyoofu, isiyokuwa na mwendo wa 78. Hilo halikunizuia. Sahani yaweza kupigwa kwa 45, sauti ikatiwa katika kompyuta, kisha mwendo ukapandishwa kwa uwiano wa 78 kwa 45, mradi marekebisho ya besi na sauti nyembamba yafanywe baada ya kupandisha, si kabla. Mwendo wa polepole ulisaidia kwa njia nyingine pia. Mifuo ya sahani za kale ni mipana, kiasi cha mia moja kwa inchi, hali ya sahani ndefu ni mia mbili na zaidi. Kigari kilichotengenezewa sahani ndefu hulazimika kukimbia ili kuifuata mifuo mipana, na kwa 78 chaweza kubaki nyuma. Kwa 45 hupata nafasi.

Jambo lililokuwa kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa upana wa sindano. Sindano ya sahani ndefu ni nyembamba mno kwa mfuo wa zamani, huanguka chini kabisa na kusoma takataka. Sindano ya 78 ni pana zaidi ya mara mbili. Na ziko za vipimo mbalimbali, ili msomaji atafute mahali katika ukuta wa mfuo, juu au chini kidogo, ambapo chuma cha zamani hakikupita sana. Nilijaribu vipimo vitatu. Kwa kile cha pili, mvumo wa ubeti wa mwisho ulipungua, na katikati yake yakasikika maneno. Mstari wa kwanza wa ubeti ulieleweka wote. Katika mstari wa tatu, mahali ambapo mizani yadai jina, nilisikia silabi mbili, kisha mvumo ukarudi.

Silabi mbili si jina. Sitaziandika hapa, maana mtu anayetamani kusikia jina huweza kulisikia hata katika mvua. Nimeziweka pamoja na namba iliyopigwa chapa katika sahani karibu na karatasi, ingawa tarakimu mbili za namba hiyo zimekwaruzwa. Namba hizo ni anwani. Zikilinganishwa na daftari za kampuni zilizorekodi, zaweza kutoa jina, mahali na mwaka. Yaani huenda jawabu likatoka katika karatasi baada ya kushindikana kutoka katika sauti.

Ziko njia mpya zaidi. Huko California, katika maabara ya Lawrence Berkeley, Carl Haber na Vitaliy Fadeyev walionyesha mwanzoni mwa karne hii kwamba sahani yaweza kupigwa picha kwa ukaribu mkubwa na sauti ikatolewa katika picha bila kuigusa. Mashine yao huitwa IRENE, na imekwisha soma hata silinda na sahani zilizovunjika. Japani kampuni ya ELP ilitengeneza mashine isomayo kwa miale ya leza. Katika mashine hizi hakuna sindano wala uzito, na msomaji huufuata mfuo kwa njia nyoofu kama ilivyokuwa kwa mchongaji. Lakini hazipatikani kwa wepesi, na sahani iliyo chini ya kitanda haingoji.

Tunazo hazina za kujivunia. Utepe wa Radio Tanzania umerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania. Rekodi alizozikusanya Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 zimo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na nyingi zilitolewa katika sahani ndefu ambazo mkono mnyoofu wazisoma vizuri. Lakini sahani za biashara, zile zilizonunuliwa kwa fedha za pamba, kahawa na karafuu, hazikuwa mali ya hazina yoyote. Zilikuwa mali ya nyumba, na zimo majumbani mpaka sasa, katika masanduku yasiyofunguliwa. Wanafunzi wetu hutoka katika kila wilaya. Mwanafunzi anayerudi likizo Bariadi, Masasi au Pangani aweza kuuliza kama lipo sanduku, kuandika kilichomo, kunakili namba zilizo karibu na karatasi, na kuwaomba wenyewe wasiipige sahani kwa sindano ya chuma hata kwa kumfurahisha mgeni. Hilo halihitaji mashine wala fedha. Sahani iliyochakaa bado yaweza kusomwa mara moja au mbili na mtu mwenye sindano sahihi. Iliyopigwa leo kwa msumari haitasomwa kesho hata kwa mkono mnyoofu.

Sanduku la Lingeka nimelirudisha mahali pake. Sahani nimezisimamisha wima, kila moja katika bahasha ya karatasi, mbali na joto la bati. Ile isiyo na jina nimeiwekea alama ya penseli juu ya bahasha yake, pamoja na silabi mbili na namba pungufu, ili atakayekuja na daftari la kampuni ajue pa kuanzia.